Waridi Lililonikabidhi kwa Baba Mkwe

Wapenda maua wenzangu, nimeadhirika. Tena sijaadhirika kidogo. Nimeadhirika mchana kweupe, mbele ya baba mkwe, mbele ya shangazi, na mbele ya foleni nzima ya malori ya kwenda Zambia. Hapa ninaandika nimelala kifudifudi kitandani kwa sababu sehemu ya kukalia haikaliki. Miiba bado imo. Shangazi alikuwa anaitoa kwa sindano, akachoka, kaenda kunywa chai.

Tulieni niwaeleze. Atakayecheka kabla sijamaliza nitamjua.

Mnaujua ule uzio wangu wa hapa Chapwa, karibu na mpaka. Nyumba iko juu, barabara kuu iko chini, na katikati kuna mteremko wa udongo ambao kila mvua zikija unahamia barabarani. Baba Neema, mume wangu, alitaka tupande matete yashike udongo. Mimi nikasema matete ni chakula cha ng'ombe, mimi nataka mawaridi. Nilishaiona picha kichwani: uzio umefunikwa maua, abiria kwenye mabasi wanatoa shingo dirishani wanaulizana, "Hapa anakaa nani?" (Anakaa mtu asiyesikia ushauri, ndiye anakaa hapa.)

Basi mwaka juzi nikaenda Vwawa, kwenye kitalu kimoja cha miche kando ya barabara. Muuzaji alikuwa kijana mwenye maneno mengi. Akaniwekea viriba viwili mbele yangu.

"Mama, hili ni waridi la kupanda juu. Matawi yake magumu, maua makubwa, linachanua mara kwa mara. Unalifunga kwenye uzio kwa kamba, unalielekeza, linakusikiliza. Hili la pili ni la kutambaa. Matawi marefu, malaini, maua madogo kwa vishada. Ukiliweka kwenye mteremko linalala chini, na kila linapogusa udongo linaota mizizi. Hapo udongo wako hauendi popote."

"Lipi linakua haraka?"

"La kutambaa. Lakini hilo ni la mteremko, mama. Usije ukaliweka getini."

"Kwa nini?"

"Halina adabu."

Nilimcheka mpaka nikashika ubavu. Ua halina adabu! Nikanunua yote mawili. Njiani nikawa nayaangalia. La kupanda juu lilikuwa kijiti tu, kimenuna, majani yenyewe ya kutafuta. La kutambaa lilikuwa limejaa, vishada vyake vya pinki vinaning'inia, kama linataka kukusalimia. Nikajiuliza: huyu mrembo nimfiche mteremkoni atazamwe na madereva wa malori, halafu huyu aliyenuna ndiye nimweke getini apokee wageni? Hata wewe usingekubali. Nikageuza. La kutambaa nikalipanda getini na kwenye uzio. La kupanda juu nikalipeleka mteremkoni, likajitegemee.

Mvua za kwanza tu, yule mrembo akaanza kazi. Alipanda uzio, akaushuka upande wa pili, akaurudia tena. Akaenda mpaka kwenye kamba ya nguo, akachana shati la kazini la Baba Neema. Akaingia dirisha la bafu. Siku moja Baba Neema alitoka kuoga na mchubuko mgongoni ambao ilibidi anieleze vizuri sana umetoka wapi.

"Mama Neema, hili ua linakula uzio."

"Linaupamba."

"Linaupamba uzio upi? Mimi uzio sijauona tangu Krismasi."

Na kule mteremkoni, la kupanda juu lilikosa pa kupandia. Likasimama peke yake na ua lake moja, kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake. Udongo ukaendelea kushuka, nguzo za uzio zikaanza kuchungulia barabara. Mimi nikasema zimechoka tu, zitazoea.

Sasa njooni kwa baba mkwe.

Upande wa mume wangu ni Wandali wa Ileje, na mzee ni wa zamani hasa. Kwa desturi ya ukoo wao, mke wa mtoto na baba wa mume hawaonani. Hawajagombana, ni heshima. Akiingia mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma. Tukitaka kukutana njiani, mimi naingia kwenye mahindi mpaka apite. Wengi wameshaiacha, hasa waliookoka, lakini yeye hakuiacha. Mimi ni Mnyiha wa Ihanda, nyumbani kwetu mambo hayo yalishalegea, lakini nikajifunza, ndoa ni kujifunza. Miaka yote namjua baba mkwe kwa kikohozi na kwa viatu vyake mlangoni. Akila chakula changu kikamkolea, anamwambia binti yangu Neema, "Mwambie aliyepika, amepika." Mimi nyuma ya mlango nafurahi peke yangu.

Mwaka huu mama mkwe akafariki. Mzee kabaki peke yake kule milimani na miguu haimtaki. Baba Neema akawa halali. Anataka amlete baba yake akae na sisi, lakini atakaaje kwenye nyumba moja na mkwe asiyetakiwa kumwona? Mimi nitahamia wapi, kwenye mahindi? Dawa ilikuwa moja: mzee mwenyewe akubali kuifungua ile heshima. Anakuja, anakaa sebuleni, shangazi ananitoa chumbani nimefunikwa kitenge kichwani, napiga magoti, mzee ananipa kuku, namwamkia kwa mara ya kwanza. Toka hapo tunaishi kama watu. Sharti lake ni kwamba asinione kabla sijatolewa. Akiniona ovyo ovyo, anageuza njia, anarudi Ileje, na hakuna wa kumbembeleza. Mzee hana kauli mbili.

Akakubali, na siku ikawa leo. Baba Neema alipoleta habari hiyo machozi yalimlengalenga. Na mimi nililia, sitaki kuficha. Nikamshika mkono nikamwambia, "Sitakuangusha."

(Nilianguka mwenyewe.)

Leo asubuhi Shangazi akafika. Huyu ni dada wa mzee, mama mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Akanikagua toka juu mpaka chini. Kitenge kipya cha kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wigi jipya la nywele ndefu, mafuta usoni yanang'aa. Akaridhika.

"Wewe leo ni yai," akasema. "Unakaa chumbani. Hutoki mpaka nikuite. Umenielewa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Rudia."

"Mimi ni yai, shangazi."

Baba Neema akaenda stendi kumpokea baba yake. Shangazi akaenda jikoni kuonja mboga (alikuwa anaonja kwa bakuli). Mimi chumbani nikachungulia dirishani, na hapo ndipo shetani alipopitia. Tawi moja la waridi lilikuwa limeanguka limeziba geti, limening'inia usawa wa uso wa mtu. Nikawaza: mzee macho yake yenyewe ni ya kukisia. Atapita pale litamchana, ataingia sebuleni anavuja damu, na siku itakuwa imeharibika. Ni dakika moja tu. Nakata, narudi, yai ni lilelile.

Nikachukua mkasi wa kushonea nikatoka.

Jamani, mkasi wa kushonea hauliwezi waridi. Nilibana kwa mikono miwili, mkasi ukapinda, tawi likanitazama tu. Nikabana tena. Ndipo nikasikia bajaji inapanda kilima. Halafu nikasikia kikohozi. Kile kikohozi!

Kurudi ndani haiwezekani, uwanja mzima uko wazi. Kwenda mbele ndiko anakotokea yeye. Mahindi nayo tulishavuna! Kati ya waridi na uzio nikaona kauwazi. Nikajitumbukiza.

Sasa niwape elimu. Miiba ya waridi la kutambaa imepinda kama ndoana. Kuingia linakuruhusu vizuri tu. Kutoka ni mpaka likubali. Likanishika kitenge, likanishika mkono wa blauzi, likanishika wigi. Nikijivuta kushoto, kulia kunakaza. Nikajiambia, Mama Neema, tulia, watapita tu, watakwenda zao sebuleni.

Hawakupita!

Bajaji ikazimwa. Nikasikia fimbo ikigonga chini, kisha viatu vikaja vikasimama mbele ya kichaka changu. Vile viatu ninavyovijua.

"Haya maua," sauti ya mzee ikasema. "Nani kayapanda?"

"Mkweo, baba," akajibu Baba Neema.

Mzee akanusa kishada kimoja. Kisha akasema, "Ana mkono."

Wenzangu! Kusifiwa na baba mkwe, tena si kwa kutumiwa mtoto! Nilifurahi nikatetemeka. Na mimi nikitetemeka, kichaka nacho kinatetemeka.

"Humu kuna kitu," mzee akasema.

"Upepo, baba."

"Upepo gani uko hapa tu?"

Akaingiza fimbo. Akapekua kushoto, akapekua kulia. Fimbo ilipotoka ilikuwa na wigi langu.

"Kicheche!"

Akalibwaga chini, akalicharaza. Wigi jipya, nywele ndefu, sijalivaa hata Jumapili moja. Likafa palepale.

"Kuku wangu wako wapi? Wafunge kwenye bajaji!" Mzee amepata nguvu za ujana. "Hawa hawatembei mmoja! Yuko mwenzake humu!"

Fimbo ya kwanza ikanipata begani. Ya pili ikanipata pale ambapo leo sikalii. Nilitaka kusema "acha", nilitaka kusema "ni mimi", nilitaka hata kulia kama kicheche. Lakini mdomo ulikuwa umefanya mazoezi ya neno moja tu wiki nzima mbele ya kioo, na ulipofunguka ndilo lililotoka.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba," mzee akaitikia.

(Mtu aliyelelewa akiamkiwa anaitika, hata akiamkiwa na kichaka.)

Halafu akili ikamfikia. Fimbo ikabaki hewani. Baba Neema akainama, akanichungulia kati ya maua, na uso wake ukaisha kabisa. Mzee akageuka upesi akanipa mgongo, akavuta kofia mpaka puani.

"Ambwene," akamwita mwanawe taratibu. "Humo ndani kuna nani?"

"Upepo, baba," mume wangu akasema. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda pale.

Shangazi akatoka mbio na mwiko mkononi. "Yai langu! Nani kalitoa yai langu?" Akanishika mkono akavuta. Nikapiga kelele. Baba Neema akaingia kuniokoa, waridi likamshika suruali, tukawa wawili. Shangazi anamvuta yeye, yeye ananivuta mimi, mimi navutwa na ua. Dereva wa bajaji kakaa kwenye kiti chake anatazama, hata abiria hataki tena.

Mzee bado ametupa mgongo, kofia iko puani, lakini uvumilivu ukamshinda. Kuzungumza na mimi hawezi. Akageukia bajaji.

"Wewe bajaji," akaiambia. "Mwambie aliye humo asivute. Achuchumae, atambae apite chini."

Dereva akapaza sauti: "Mama, mzee anasema uchuchumae."

"Nimesikia!"

Nikachuchumaa, na uzito wangu wote (msiulize ni kiasi gani) ukaegemea uzio.

Mnakumbuka kwamba udongo wa chini ya nguzo ulishahamia barabarani zamani. Nguzo ya kwanza ikasema "kwach". Ya pili ikaifuata. Suruali ya Baba Neema ikachanika, akabaki juu. Mimi nikaondoka. Nikaondoka na uzio, nikaondoka na senyenge, nikaondoka na waridi zima na vishada vyake, tunabiringika mteremkoni pamoja kama familia inayohama. Kitenge kilibaki juu kwenye nguzo kinapepea. Katikati ya safari nikaliona lile waridi la kupanda juu, limesimama peke yake kama kawaida. Nikalidaka kwa mikono miwili.

Likang'oka. Tukashuka nalo.

Leo foleni ya malori ya kwenda mpakani ilikuwa imefika mpaka kwetu. Madereva wamezima injini, wamekaa chini kivulini wanasonga ugali. Nikatua katikati yao, nimevaa gagulo na blauzi ya mkono mmoja, kichwani mabutu na maua ya pinki. Ugali uliungua. Dereva mmoja Mzambia, mtu wa heshima zake, akasimama akavua kofia, akaniinamia.

"Mwaiseni, bamayo!"

Yaani karibu, mama. Ananikaribisha!

Mwingine akauliza, "Sista, na wewe unakwenda Lusaka?" Wengine wakatoa simu. (Hizo picha mkiziona kwenye makundi mengine, yule si mimi.)

Nikainua macho juu. Baba mkwe alikuwa ameshageuka. Amesimama ukingoni, kofia mkononi, ananitazama. Kaniona. Kaniona nilivyo, na gagulo langu. Pembeni yake Baba Neema ameshika kichwa. Hapo sikuona tena aibu ya madereva. Nilichokiona ni mzee wa watu anapanda gari anarudi kukaa peke yake kwenye nyumba isiyo na mke, hakuna wa kumkokea moto, kwa sababu mkwe wake alibisha kuhusu maua. Nikalia. Nililia kwa sauti, na si kwa ajili ya miiba.

Mzee akaanza kushuka mteremko.

"Baba, utaanguka!" Baba Neema akapiga kelele.

"Niache."

Akashuka. Penye fimbo akatumia fimbo, penye ubaya akaketi akateleza na suruali yake nzuri. Akafika nilipokaa, anahema. Akavua koti lake akanifunika mabegani, akanifunga na vifungo, kimoja kimoja, kama unavyomvalisha mtoto. Halafu akanitazama usoni.

"Mkwe."

"Abee, baba."

"Umeumia?"

"Hapana, baba." (Uongo mtupu.)

"Nimekupiga fimbo."

"Hapana, baba. Ulimpiga kicheche."

Midomo ikaanza kumcheza. Alijaribu kuibana, ikamshinda. Akacheka, jamani. Akacheka mpaka yule Mzambia akamsogezea kidumu akalie. Baba Neema alifika chini anavuja jasho, akasimama akimtazama tu baba yake. Tangu msiba hakuwa amemsikia akicheka. Mimi nikacheka na machozi yangu, madereva wakaanza kupiga honi, lori kwa lori, honi zikaenda mpaka mpakani. Nakonde nzima imejua kwamba baba mkwe kaniona.

Shangazi peke yake ndiye aliyebaki juu, mwiko kiunoni, kakasirika.

"Kaka! Hivi sivyo inavyofanywa! Hajatolewa huyo!"

"Ametolewa," mzee akamjibu. "Nani mwingine katika ukoo wetu alitolewa mpaka barabarani?"

Shangazi akachomoa mwiko kiunoni, akauinua juu, akapiga vigelegele.

Kuku wangu nimepewa. Mzee alikula, akalala, akaamka, na hajasema neno la kurudi Ileje. Alichosema ni kwamba hayo matawi ya kung'ang'ania yapandwe mteremkoni, kwenye uzio liwekwe la kufungwa kwa kamba. (Ndiyo. Ndivyo yule kijana wa Vwawa alivyosema. Asiniambie mtu.) Kwa hiyo wapenda maua, kabla hujauliza ua gani ni zuri, uliza kwanza unataka likushikie nini.

Sasa hivi mzee yuko sebuleni na simu. Anampigia kila mtu wa Ileje anayemjua. Kila akisimulia, kicheche anaongezeka ukubwa, hivi sasa ana mkia wa chui. Na akisahau mahali ananiita mwenyewe, kwa mdomo wake, bila kumtuma mtoto: "Mkwe! Yule dereva alisemaje vile?" Nami namjibu kutoka hapa kitandani, na namsikia anaanza upya.

Basi ninyi mkitaka kunicheka, subirini zamu yenu. Baba mkwe hajamaliza.